Majembe Yaliyochelewa

Machibya alikuwa ameshindwa miaka mitatu mfululizo, na mara zote tatu alishindwa na nyoka.

Ukimuuliza mwenyewe atakataa. Atakuambia nyoka si ngoma, na mtu hawezi kushindwa ngoma na kitu kisicho na miguu. Lakini ukweli haujali nani amekasirika. Kila mwaka baada ya mavuno, Shimba na kikundi chake walikuja kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya Misungwi, wakiwa na chatu mnene kama paja la mtu mzima. Kila Shimba alipomnyanyua chatu huyo juu ya kichwa chake, watu walimwacha Machibya na majembe yake wakakimbilia huko.

Na kukimbilia huko ndiko kushinda kwenyewe. Kwa wasiojua ngoma zetu, vikundi viwili huanza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na katikati hupigwa mstari wa chokaa. Hakuna jaji wa kukaa mezani na kalamu. Watazamaji ndio hupiga kura, na huipiga kwa miguu: anayevutiwa na huku anakuja huku, akichoka anavuka chokaa kwenda kule. Saa kumi kamili mwenyekiti wa kamati hupuliza kipenga, kila mtu husimama alipo, na wazee watatu waliopanda juu ya jiwe kubwa pembeni ya uwanja hutazama upande gani umejaa. Ndivyo walivyofanya babu zetu, na sijasikia hata mmoja wao akidai kura zake ziliibwa.

Machibya alikuwa manju wa kikundi cha bugobogobo. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo, yeye ndiye aliyeziongoza, na filimbi ya umanju ilining'inia shingoni mwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Bugobogobo ni ngoma ya wakulima. Wachezaji hurusha majembe juu, majembe yanazunguka hewani, na kila moja hudakwa palepale ngoma kubwa inapolia. Jembe likidakwa baada ya mlio, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba umekosea.

Mwaka huo alikuja mpwa wake, Odeta, binti wa dada yake, aliyekuwa akiishi Buhongwa. Odeta alikuwa na kazi ambayo ndugu wengi hawakuielewa ila waliitumia sana: alirusha sherehe na misiba moja kwa moja kwenye mtandao, ndugu walioko Dar au ng'ambo wakaona kila kitu wakiwa vitandani mwao. Programu ya kusafishia picha aliiandika mwenyewe kwa miaka miwili. Ilituliza mtikisiko wa kamera, ililainisha nyuso, ilikoleza rangi, iliandika majina ya watu chini ya vifua vyao. Bibi harusi wa Buhongwa akipita kwenye programu ya Odeta, hata mama yake humwangalia mara mbili.

"Shikamoo, mjomba," alisema siku alipokwenda kumweleza.

"Marahaba, mpwa wangu. Nimesikia unataka kuniletea runinga uwanjani."

"Skrini, mjomba. Kubwa, ya kwenye Fuso."

"Watu wanakuja kuona ngoma, Odeta. Runinga wanazo nyumbani."

"Wa mbele wanaiona ngoma. Wa nyuma wanaona visogo vya wa mbele. Shimba akimnyanyua chatu, anaonekana mpaka barabarani. Ninyi mkidaka jembe, wa nyuma anaona vumbi tu. Niache niwaonyeshe."

Machibya alifikiri kwa muda mrefu, akichezea filimbi. Alikuwa mtu mkali wa ulimi lakini hakuwa mkaidi. Mwishowe akasema, "Haya. Ila sikiliza. Nikishindwa mara ya nne, filimbi hii naivua palepale uwanjani nampa mwingine. Kikundi hakiwezi kuongozwa na mtu anayepigwa na nyoka kila mwaka."

Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakutania. Odeta alirudi Buhongwa na maneno hayo kichwani. Kama mjomba angebaki manju au la, sasa ilikuwa mikononi mwake.

Kamati ilikubali skrini, ila ikapiga marufuku vipaza sauti. Ngoma isikike kwa ngozi yake, walisema, na mwimbaji kwa koo lake. Odeta akaona hilo si tatizo. Aliijaribu mitambo yake siku mbili uani kwake, kamera ikimwelekea mbuzi wa jirani, na mbuzi yule alitoka vizuri mno kwenye skrini, unyoya mmoja mmoja. Kosa lake, kama atakavyokuja kulikiri, lilikuwa hapo. Mbuzi hapigi ngoma.

*

Siku ya siku jua lilikuwa kali na upepo wa ziwani ukavuma taratibu, ukipeperusha vumbi la mnada. Saa nane mchana vikundi vyote viwili vilianza. Yakobo, dereva wa Fuso, kijana wa Nyegezi mwenye maneno mengi, aliegesha gari hatua ishirini nyuma ya wachezaji. Kijana mmoja wa kikundi akashika kamera mbele ya wachezaji, na skrini ikawaka. Umati ukatoa mguno wa kupendezwa, na Odeta, akiwa amekaa na kompyuta yake chini ya turubai, akajisikia kama mtu aliyejenga nyumba akaona moshi wa kwanza ukitoka jikoni.

Kwa dakika ishirini mambo yalikwenda vizuri. Watu walivuka chokaa kuja upande wa Machibya, wakasimama nyuma, wakainua shingo kwenye skrini. Kisha wakaanza kuondoka.

Hawakuondoka kwa hasira. Walikuwa wanatazama, wanakunja uso kidogo, wanatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi asijue kilichokosekana, halafu wanageuka. Wawili, watano, kumi. Upande wa pili Shimba alimnyanyua chatu wake na kelele zikapanda.

Modesta, mama mtu mzima aliyeongoza safu ya wanawake, alitoka kwenye mstari akaenda kwa Odeta, jasho likimtiririka.

"Umeona? Wametumia dawa," alinong'ona. "Hii ni dawa ya kuvuta watu. Bibi yangu aliijua. Mtu anakuja vizuri, akifika hapa moyo unamkataa. Nitatafuta mtu wa kuitegua, wewe endelea na picha zako."

Basi hapo Odeta alikuwa amepewa njia ya kutokea. Dawa ya Shimba. Nani angebisha? Wazee wangeamini, wachezaji wangeamini, na hata mjomba, ambaye hakosi misa ya Jumapili, angekubali nusu yake. Lakini macho ya Odeta yalikuwa kwenye skrini. Aliona jembe likipanda, likizunguka. Akasikia ngoma kubwa ya Luhende, mpiga ngoma wa kikundi, ikilia. Kwenye skrini jembe lilikuwa bado liko hewani.

Akainuka, akatoka chini ya turubai.

Alitoa simu akapiga video, ngoma ya Luhende na skrini vikiwa ndani ya picha moja, kisha akaisogeza video ile kidogo kidogo kwa kidole. Mkono wa Luhende ulishuka kwenye ngozi. Mkono wa Luhende wa kwenye skrini ulikuwa bado juu. Akasogeza, akasogeza tena, akihesabu. Alipofikia mwisho wa hesabu alipata zaidi ya nusu sekunde: sehemu sita za kumi.

Ukiisikia, nusu sekunde ni kitu cha kudharau. Huwezi hata kupiga chafya ikaisha. Lakini kwenye ngoma ni umbali kati ya mchezaji na mlevi. Watu wa nyuma walikuwa wanasikia ngoma ya kweli na kuona majembe ya uongo. Masikio yanawaambia sasa, macho yanawaambia bado. Hawakujua wanachokiona ni nini. Walijua tu kwamba kikundi cha Machibya, leo, kinakosea.

Na hakuna aliyewaonyesha hivyo ila Odeta mwenyewe. Kamera ilipiga picha ishirini na tano kila sekunde, na kila picha ilipita kwenye programu yake kama mwananchi anayefuatilia hati ya kiwanja: dirisha hili la kutuliza mtikisiko, dirisha lile la nyuso, lile la rangi, lile la majina. Kila dirisha lilimwambia asubiri kidogo. Harusini hakuna aliyegundua, maana shangazi aliye ng'ambo hana bibi harusi mwingine wa kulinganisha naye. Hapa mchezaji na picha yake walisimama pamoja, na picha ilikuwa inamsuta mwenyewe.

Wachezaji walipopumzika kunywa maji, Odeta alikwenda kwa mjomba wake. Modesta alikuwa tayari amemfikishia habari za dawa.

"Mjomba, si dawa," Odeta alisema. "Ni mimi. Picha zangu zinachelewa. Ngoma inalia, jembe linaonekana baadaye. Watu wanadhani mnakosea."

Machibya alishusha kata ya maji. "Kwa hiyo kile kitu kinanionyesha mimi nikikosea. Mbele ya watu wote hawa."

"Ndiyo, mjomba."

"Na Shimba wala hakufanya kitu."

"Hakufanya."

Modesta alishika kiuno, akatazama pembeni. Machibya alimwaga chini maji yaliyobaki kwenye kata. Odeta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na bora angetukanwa.

"Kizime," Machibya alisema. "Sasa hivi saa tisa kasoro robo. Ukiweza kukitengeneza, kitengeneze. Lakini kisiwake tena mpaka kiseme kweli."

*

Yakobo aligeuza Fuso, skrini ikaelekea vichakani, ngoma ikaanza tena. Odeta akainamia kompyuta.

Kwanza aliondoa majina. Kisha nyuso laini. Kisha rangi, ile rangi ya jioni aliyoitafuta miezi minne. Alipofika kwenye kutuliza mtikisiko, mkono ulisita. Ndiyo ilikuwa fahari yake; ilishika picha nane nyuma ili ijue kamera inayumba kuelekea wapi, kabla ya kuachia hata moja. Picha nane ni karibu theluthi ya sekunde. Akaifuta.

"Sasa inaonekana kama video ya simu ya mtu anayekimbia," Yakobo alisema, akichungulia.

"Nyamaza, Yakobo. Angalia mguu wa mchezaji."

"Bado inachelewa, dada."

Akapata wazo la kuongeza kasi ya kamera. Kama picha zingekuwa hamsini kwa sekunde badala ya ishirini na tano, kila moja ingesubiri nusu ya muda. Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Kwenye jua la Misungwi ilikataa. Kompyuta ilipata moto, feni yake ikapiga kelele, na picha zikaanza kuingia haraka kuliko zinavyotoka. Zikapanga foleni. Foleni ikarefuka. Luhende alipiga ngoma, wakahesabu mpaka sekunde mbili ndipo mkono wake ukashuka kwenye skrini.

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," Yakobo alisema.

Odeta alicheka bila kupenda, na kicheko kile kilimsaidia. Alikuwa amehangaika kuikimbiza kila picha ifike, kana kwamba ni dhambi hata moja kupotea. Nani alimtuma? Mtazamaji hahitaji picha zote, anahitaji ya sasa. Akairudisha kamera kwenye ishirini na tano, akaandika mistari michache: picha mpya ikifika na kumkuta mwenzake bado yuko foleni, wa zamani atupwe. Asisubiriwe, asiulizwe. Foleni ikavunjika palepale.

Walipima tena kwa simu. Picha sita. Robo sekunde.

Hapo alikwama. Robo ile haikutoka kwenye programu yake. Sehemu ilikaa ndani ya kamera, sehemu nyingine kwenye kiboksi cha Fuso kilichogawa picha kwenye vipande vya skrini, na hakuwa na ufunguo wa huko. Alijaribu hiki, akajaribu kile, Yakobo akitikisa kichwa kila mara. Robo sekunde tu, na bado jembe lilidakwa baada ya mlio. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Ng'ambo ya chokaa umati ulikuwa umefura.

Odeta alipanda juu ya kichwa cha Fuso ili apate upepo. Alitaka kulia, na asingeona haya kulia. Mbele yake, kwenye lango la mnada kando ya barabara, vilikuwepo vibanda vya nyama choma, na mchinjaji mmoja alikuwa anapasua mifupa kwa shoka juu ya gogo. Odeta alimtazama bila kumtazama. Shoka likashuka. Kisha, shoka likiwa tayari limeanza kunyanyuliwa, akasikia *ko*.

Likashuka tena. *Ko*, baadaye.

Hii kila aliyechunga ng'ombe anaijua. Unamwona mtu kilima cha pili anapasua kuni, mlio unakuja nyuma yake kama mbwa wake. Odeta alikuwa ameiona tangu utotoni, na hakuwahi kufikiria kwamba siku moja ingemfaa. Sauti hutembea. Haina haraka kama macho. Mita mia tatu na arobaini kwa sekunde, walifundishwa shuleni, na robo yake ni themanini na tano.

Aliteremka kwa kuruka, nusura avunje kifundo cha mguu.

"Yakobo, washa gari. Picha imegoma kuiwahi ngoma. Basi tuipeleke pale ambapo ngoma nayo inachelewa."

"Wapi huko, dada?"

"Kwenye nyama."

Alihesabu hatua ndefu kuanzia kwenye ngoma ya Luhende, themanini na tano, waya wa kamera, wa mita mia, ukifunguka nyuma yake kutoka kwenye gurudumu la kuuzungushia. Hatua ya mwisho ilimfikisha karibu na vibanda, bado upande wa Machibya wa chokaa. Fuso ikaja ikinguruma, ikageuka, skrini ikatazama lango ambako watu waliotoka barabarani walikuwa wanaingia. Ikawaka. Picha haikuwa nzuri. Ilitikisika, nyuso ziling'aa jasho, rangi ilikuwa ya vumbi tupu. Jembe likapanda, likazunguka, likashuka mkononi, na palepale, kutoka mbali, ngoma ya Luhende ikalia.

Yakobo alishuka garini. Mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga chini wenyewe.

*

Kama kuna mtu anayejua kusimama na mshikaki mdomoni huku anacheza mabega, ni mtu wa Misungwi siku ya ngoma. Wa kwanza walikuwa wala nyama. Wakafuata waliotoka barabarani, ambao hawakuwa wamefika hata ndani. Kisha wale wa katikati ya uwanja, waliokuwa wanaona visogo tu, wakarudi nyuma kwenye skrini. Halafu habari ikavuka chokaa kama habari zinavyovuka, na watu wakaanza kuja kutoka kwa Shimba, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Odeta alihesabu mpaka akaacha. Labda mia sita. Furaha ilimjaa kifuani, akataka kumkumbatia mtu, akamkumbatia Yakobo.

Kisha akautazama uso wa mjomba wake kwenye skrini.

Kamera ilikuwa imemshika kwa karibu. Alikuwa anaongoza wimbo, lakini macho yake yalizunguka uwanjani, yakihesabu. Odeta akaelewa mjomba anaona nini. Mbele yake walikuwepo watu kama hamsini. Nyuma yao uwanja ulikuwa mtupu mpaka kwenye vumbi, na mbali kabisa ilikuwepo Fuso iliyoondoka bila kumuaga. Katika haraka yake Odeta hakuwa amemwambia kitu. Kwa Machibya, mpwa wake alikuwa ameshindwa kazi akafunga virago, na watu wakafuata harufu ya nyama. Mkono wake ulikuwa kwenye kamba ya filimbi.

Odeta alikimbia. Mita themanini na tano si nyingi kwa sauti, lakini kwa mtu wa miaka ishirini na tisa aliyezoea kukaa mbele ya kompyuta ni safari. Alipokuwa katikati, kipenga cha mwenyekiti kililia. Saa kumi. Ngoma zote zikanyamaza, kila mtu akasimama alipo.

Wazee watatu juu ya jiwe walitazama huku, wakatazama kule. Walianza kubishana. Shimba naye, akiwa na chatu shingoni, akasogea chini ya jiwe.

"Wazee wangu, wale wa pale langoni msiwahesabu," alisema, kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya. "Wale wako kwenye nyama na runinga. Mngeweka mpira wangekuwepo vilevile. Hawakuja kwenye ngoma."

Lilikuwa neno la haki, na wazee walilipima. Odeta alifika kwa mjomba wake akihema, hana pumzi hata ya kusalimia.

"Mjomba, wale ni wako. Wote."

"Wako kwenye nyama."

"Wako kwako. Kule ngoma na picha vinafika pamoja, ndiyo maana nimeenda kule. Nisamehe sikukuaga."

Machibya alimtazama, akatazama umati wa mbali. Alitaka kuamini, Odeta aliliona hilo wazi, na lilimuuma.

Mzee wa katikati juu ya jiwe akanyanyua fimbo. "Aliyekuja kwenye ngoma huitikia ngoma," alisema. "Machibya, waite. Wachezaji wako wanyamaze, na wa mbele wanyamaze. Tuwasikie wale wa kule tu. Wakiitikia ni watu wako. Wasipoitikia ni wateja wa nyama."

Uwanja ukatulia. Hata chatu, nadhani, alitulia.

"Watanisikia?" Machibya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Watakusikia. Lakini sauti yako itachelewa kufika, na yao itachelewa kurudi. Ni kitambo kidogo, mjomba. Usikate tamaa kabla haijafika."

Machibya alijaza kifua. Alikuwa na wimbo mmoja kila mtu wa kule anaujua, ambamo manju huuliza kwa Kisukuma jembe hili ni la nani, na watu hujibu kwamba ni letu. Akauita, bila ngoma, koo lake peke yake, swali likaondoka juu ya vumbi.

Kimya.

Odeta ndiye aliyekuwa na hesabu yote kichwani. Robo ya kwenda, robo ya kurudi, na kidogo cha mtu kuvuta pumzi. Alijua kimya kile ni umbali tu na si kitu kingine, na bado aliogopa. Aliona mdomo wa Shimba ukianza kufunguka kwa tabasamu. Aliona vidole vya mjomba wake vikiifinya kamba ya filimbi.

Kisha jibu likaja. Lilikuja lote kwa pamoja, watu mia sita, wengine kwa hakika na nyama mdomoni, likapita juu ya wachezaji, likagonga jiwe, na mzee wa katikati akashusha fimbo upande wa Machibya bila kuwauliza wenzake. Modesta alipiga kigelegele. Shimba alitikisa kichwa, akacheka, akaja kutoa mkono.

Machibya hakuushika mara moja. Alikuwa amegeukia langoni, macho yamelowa, hakuyafuta.

"Mzee," alisema, "naomba niwaite tena."

"Ya nini? Umeshashinda."

"Najua. Nataka tu kuwasikia."